Namna ya kuandika yaliyowapata raia vitani: mwongozo kamili kwa asiye mpelelezi

Vita vya Bosnia viliisha mwaka 1995. Kwa miaka zaidi ya kumi baadaye, waliokufa walitajwa kuwa laki mbili. Wengine wakazidisha, wengine wakapunguza, kila mmoja kwa faida yake. Mwaka 2007 kituo kimoja cha utafiti cha mjini Sarajevo kikatoa orodha ya watu 97,207, kila mmoja kwa jina lake. Idadi ilikuwa chini ya nusu ya ile iliyozoeleka, na wapo waliokasirika. Lakini aliyetaka kubishana na orodha ile ilibidi abishane na jina moja moja.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, mwalimu, mzee wa mtaa, mwanahabari wa redio ya jamii, kiongozi wa dini, au kijana mwenye simu aliyejikuta katikati ya mapigano. Unahusu kazi moja tu: kuandika yaliyowapata raia kwa namna ambayo mtu asiyekujua, pengine asiyekupenda, anaweza kuyakagua miaka mingi baadaye. Kumbukumbu nyingi za vita ni za kweli kabisa, lakini zinatupwa kwa sababu hazionyeshi aliyeandika alijuaje.

Hatua ya 1: Pima hatari kabla ya kutoa kalamu

Jiulize maswali matatu, na uyajibu kwa maandishi au pamoja na mtu unayemwamini. Daftari hili likikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, nani atauawa au kufungwa? Kuna mwingine mwenye ujuzi zaidi ambaye tayari anakusanya habari za tukio hilihili? Na watu nitakaozungumza nao, nina cha kuwapa wakizidiwa: daktari, mahali salama, hata namba ya kupiga?

Swali la pili watu hulipuuza. Manusura anayehojiwa na mashirika matano hutoa maelezo matano, na katika maelezo matano hazikosi tofauti ndogondogo: saa, rangi ya gari, idadi ya askari. Wakili wa utetezi akizipata, atazitumia kumwonyesha kuwa mwongo. Pia kila mara anaposimulia anarudishwa kwenye tukio. Ikiwa kazi imeshafanywa vizuri, mchango wako mkubwa unaweza kuwa kuiacha.

Kama jibu la swali la kwanza linatisha, badili mbinu. Usitembee na majina. Kila mtu mpe namba ya siri, na funguo ya namba hizo iwekwe mahali pengine kabisa, ikiwezekana nje ya eneo la mapigano. Simu unayopita nayo vizuizini isiwe ile yenye picha.

Hatua ya 2: Jua wanasheria watauliza nini

Huhitaji shahada. Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949 na Itifaki za Nyongeza za 1977 zimesimama juu ya mambo machache. Wapiganaji lazima watofautishe raia na wapiganaji wenzao, nyumba na kambi. Hata pale wanapolenga shabaha halali ya kijeshi, madhara kwa raia yasizidi kupita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi iliyotarajiwa. Na kabla ya kushambulia wachukue tahadhari zinazowezekana. Kifungu cha 3, ambacho kimo katika mikataba yote minne, kinahusu hata vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kinawafunga waasi sawasawa na serikali: hakuna kuua mtu asiyepigana, kutesa, kuchukua mateka, kudhalilisha utu, wala kuhukumu na kunyonga bila mahakama halali.

Hapa ndipo penye mtego. Raia anaweza kufa katika shambulio ambalo kisheria si kosa, na jengo linaweza kuharibiwa kihalifu bila hata mtu mmoja kufa. Kwa hiyo usiandike «uhalifu wa kivita» wala «mauaji ya kimbari» kwenye rekodi yako. Andika kilichotokea. Jina la kosa litatolewa na wenye kazi hiyo, na ukiwatangulia unawapa wapinzani sababu ya kusema uliamua kabla ya kuchunguza.

Ili wenye kazi hiyo waweze kuamua, wanahitaji mambo ambayo mashahidi wengi hawayataji wasipoulizwa. Kulikuwa na wapiganaji, silaha au gari la jeshi karibu na pale? Umbali gani? Kulitolewa onyo lolote, kwa vipeperushi, redio au kipaza sauti, na muda gani kabla? Ilikuwa saa ya soko, ya ibada, ya usiku? Kama kulikuwa na wapiganaji shuleni, andika hivyo, hata kama wapiganaji hao ni wa upande unaouunga mkono. Rekodi inayoficha jambo hili moja ikigundulika, mia nyingine ulizoandika kwa uaminifu hazitaaminiwa.

Jambo jingine ni mnyororo wa amri. Majaji mara nyingi hawana shaka kwamba watu walikufa. Shida huanza pale wanapouliza nani aliagiza, au nani alijua asizuie. Miili na magofu peke yake havijibu hilo. Kinachojibu ni vitu vidogo: beji begani, rangi ya kitambaa mkononi, namba na alama za magari, lugha na lafudhi waliyotumia, jina la utani lililoitwa kwenye redio ya upepo, nani alisalimiwa kwa heshima, vikosi vilikuja kutoka upande gani na kurudi upande gani, nani alikuwa akikagua vitambulisho barabarani wiki ile. Muulize shahidi haya yote kwa subira. Mimi ningetoa picha kumi za magofu kwa picha moja inayosomeka ya namba ya gari.

Hatua ya 3: Kwenye eneo la tukio

Usikimbilie. Mashambulizi mengine hurudiwa mahali palepale waokoaji wakishafika, na mabomu yasiyolipuka hubaki yamelala kwenye kifusi. Waliojeruhiwa kwanza, kamera baadaye.

Ukiwa salama, washa video, taja kwa sauti ya chini tarehe, saa na mahali, kisha nyamaza. Maoni yako yasiingie kwenye sauti. Zungusha kamera polepole mpaka umalize duara zima, ukihakikisha yanaonekana mambo yasiyohamishika: mlima, mnara, paa lenye umbo la pekee, njia panda, nguzo za umeme. Baada ya hapo piga picha kutoka mbali, kisha kutoka katikati, kisha kwa karibu, ili anayetazama aone kitu hiki kidogo kiko wapi ndani ya kile kikubwa. Picha ya karibu iwe na kitu cha kulinganishia ukubwa, kama rula au kalamu. Shimo la bomu lipige picha kutoka pande zote, ukionyesha kaskazini iko wapi. Upande vipande viliporukia husaidia wataalamu kukadiria silaha ilitoka wapi.

Mwaka 2018 ilisambaa video ya askari wakiwapiga risasi wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Kamerun mwanzoni iliiita habari za uongo. Waandishi wa BBC Africa Eye walilinganisha safu ya milima iliyoonekana nyuma na picha za setilaiti, wakafika karibu na mji wa Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Kwa kupima vivuli vya askari waliokuwa wakitembea, wakapata kuwa tukio lilitokea kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Mwaka 2020 askari wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10. Aliyerekodi hakuwa na nia ya kusaidia uchunguzi. Mlima tu ulibahatika kuingia kwenye picha. Wewe uingize kwa makusudi.

Mabaki ya silaha usiyaguse wala usiyabebe. Piga picha ya namba na maandishi yaliyochongwa juu yake, ukiwa mbali kadiri kamera itakavyoruhusu. Maganda ya risasi vilevile yaache yalipo, kwa kuwa mahali yalipoangukia ni habari pia.

Miili: piga picha za uso, mwili mzima, nguo, makovu, alama za chanjo au chale, pete, na majeraha. Kama wafu lazima wazikwe haraka, weka namba kwa kila mmoja, ipigwe picha pamoja na mwili, na kaburi lipewe namba ileile. Makaburi ya halaiki yasifukuliwe na watu wasio wataalamu, hata kama ndugu wanasukuma, na watasukuma. Kule Srebrenica, Bosnia, wauaji walifukua makaburi kwa mashine na kuhamisha mabaki ili kuficha, na mabaki ya mtu mmoja yakaja kupatikana katika makaburi zaidi ya moja. Koleo la mtu mwenye nia njema nalo linaweza kuvuruga mifupa namna hiyohiyo. Kwa vifo vinavyoshukiwa kuwa vya kihalifu kuna mwongozo wa Umoja wa Mataifa uitwao Itifaki ya Minnesota, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Madaktari wa eneo lako wanafaa kuusoma mapema.

Hatua ya 4: Kuzungumza na walioona

Mhoji mtu mmoja mmoja. Ukiwakusanya watu kumi chini ya mti utapata hadithi moja, ya yule mwenye sauti kubwa, na baada ya hapo wale tisa wataikumbuka kama yao.

Anza kwa ridhaa, na ridhaa si kusaini karatasi tu. Mweleze wewe ni nani, maelezo yatatunzwa wapi, yanaweza kupelekwa kwa nani, na hatari gani ipo. Mweleze pia ambacho huwezi kumpa: humwahidi fidia, hifadhi nje ya nchi, wala kwamba mtu atafungwa. Muulize kila jambo peke yake. Anakubali uandike? Anakubali sauti irekodiwe? Jina lake liende kwa mahakama? Kwa vyombo vya habari? Mtu anaweza kukubali la kwanza akakataa la mwisho, na ana haki ya kubadili mawazo kesho.

Usimlipe. Nauli na maji ni sawa, na uviandike. Kesi ya kwanza kufikia hukumu katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC), ile ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la waasi kutoka Kongo, mwaka 2012, ilitikiswa na jambo la aina hii. Majaji walikataa kutegemea maelezo ya mashahidi kadhaa walioletwa kama waliokuwa watoto askari, wakaukosoa upande wa mashtaka kwa kuwaachia wasaidizi wa mitaani kazi ya upelelezi bila kuwasimamia, kwa kuwa baadhi yao huenda waliwashawishi mashahidi kutoa maelezo ya uongo. Lubanga alitiwa hatiani hata hivyo, kwa ushahidi mwingine, lakini wale vijana walibaki na doa.

Maswali yawe wazi. «Ni jeshi lililochoma nyumba zenu?» ni swali linalobeba jibu lake. «Nini kilitokea asubuhi ile?» ndilo swali. Mwache aseme mpaka aishiwe, usimkatize, ndipo urudi nyuma: walikuwa wangapi, wamevaaje, ulikuwa umesimama wapi, kulikuwa na mwanga gani. Baada ya kila jambo zito liulize swali muhimu kuliko yote: ulijuaje? Akisema «kamanda aliamuru», pengine alimsikia kwa masikio yake, pengine aliambiwa na jirani, pengine anakisia kwa sababu kamanda huyo ndiye aliyekuwa akitawala pale. Yote matatu yana thamani, na yote matatu ni tofauti. Andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyapige pasi yakawa Kiswahili cha ofisini. Kama kuna mkalimani, mtaje kwa namba ya siri, na uandike alitafsiri kutoka lugha gani.

Ukatili wa kingono una kanuni zake. Kama hukufunzwa, usichukue maelezo ya kina. Kazi yako ni kumfikisha mtu huyo hospitali, ikiwa yuko tayari, na saa zinahesabika: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba hutumika hadi saa 120 baada ya tukio. Andika tu kwamba yupo mtu mwenye taarifa, amepelekwa wapi na lini. Cheti cha daktari kitasema kwa usahihi ambao daftari lako halina. Kanuni ya Murad, iliyotolewa mwaka 2022 na kupewa jina la Nadia Murad, manusura wa ukatili huo kutoka Iraq, inaeleza namna ya kuwakaribia manusura hawa bila kuwaumiza tena.

Watoto usiwahoji. Mwongozo uliotolewa Septemba 2022 na Eurojust, taasisi ya Umoja wa Ulaya ya ushirikiano wa waendesha mashtaka, pamoja na ofisi ya mwendesha mashtaka wa ICC kwa asasi za kiraia unahimiza tahadhari kubwa hapo, na naona afadhali asiye mtaalamu aache kabisa. Walioteswa wapelekwe kwa daktari anayeifahamu Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuandika mateso.

Hatua ya 5: Rekodi yenyewe

Tukio moja, ukurasa mmoja au faili moja. Iwe na namba ya tukio, tarehe na saa, mahali kwa jina linalotumiwa na wenyeji pamoja na nukta za GPS, kilichotokea kwa sentensi fupi, walioathirika, wanaodaiwa kuhusika na sababu ya kudai hivyo, orodha ya picha na mashahidi kwa namba zao, na jina au namba yako wewe uliyeandika, na tarehe ya kuandika. Kila dai lipewe moja ya alama tatu: niliona, niliambiwa na aliyeona, nimesikia. Ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni, weka tarehe.

Majina ya walioathirika yaandikwe kamili, pamoja na la baba, umri, jinsia, kijiji na kazi. Vijiji vingi vina watu watano wenye jina lilelile, na marehemu mmoja huripotiwa mara tatu: na mkewe, na hospitali, na msikiti au kanisa. Usipounganisha taarifa hizo idadi itavimba, na atakayegundua atasema yote ni uongo.

Usichanganye orodha na makadirio. Tume ya ukweli ya Peru iliyomaliza kazi mwaka 2003 ilipata taarifa za watu 23,969 waliouawa au kupotea. Kwa njia za takwimu, ikilinganisha orodha tofauti ili kuona ni wangapi hawakutajwa popote, ikakadiria kuwa jumla ni 69,280. Ilizitoa namba zote mbili na kueleza kila moja imetoka wapi. Kazi ya kukadiria waachie watakwimu. Wewe wape orodha safi.

Na usihesabu wafu peke yao. Kisima kilichotiwa sumu, zahanati iliyofungwa, mashamba yaliyotegwa mabomu, familia zilizohama na zilipoelekea, hayo pia ni madhara. Programu za fidia huuliza hati za nyumba, idadi ya mifugo, picha za kabla na baada.

Hatua ya 6: Faili na simu

Faili halisi usiiguse: usikate, usiongeze mwanga, usibadili jina. Ukitaka kuficha nyuso, fanya hivyo kwenye nakala. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa za ndani, yaani saa, aina ya simu na mahali, huondolewa. Itume kama hati, au afadhali inakili kwa waya. Kisha tengeneza alama ya hashi ya faili kwa programu ya SHA-256. Hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika hata faili ikiguswa kidogo tu, na ukiuandika siku ya kwanza unaweza kuthibitisha baadaye kwamba hakuna aliyechezea. Weka daftari la makabidhiano: nani alirekodi, nani alipokea, lini, kwa njia gani. Nakala ziwe tatu, zimefungwa kwa nywila ndefu, na moja iwe nje ya nchi au angalau nje ya eneo la vita. Ipo pia programu ya simu iitwayo eyeWitness, iliyozinduliwa mwaka 2015 na Chama cha Kimataifa cha Wanasheria, inayofanya sehemu kubwa ya haya yenyewe.

Mitandao ya kijamii si ghala. Mwaka 2017 YouTube ilianza kutumia mashine kuondoa video za msimamo mkali, na zikaondoka pamoja nazo video nyingi za ukatili wa vita vya Syria. Mwaka huohuo, Agosti 15, ICC ilitoa hati ya kumkamata kamanda Mahmoud al-Werfalli wa Libya, na video zilizorushwa mtandaoni zilikuwa sehemu ya ushahidi. Ukiona video muhimu, pakua siku hiyohiyo, uhifadhi na anwani ya ukurasa, jina la akaunti na saa. Kabla ya kuiamini, tafuta kama picha hiyo iliwahi kutokea katika vita vingine miaka ya nyuma. Mara nyingi huwa imetokea. Na ukitazama mengi ya aina hii, zima sauti na upunguze ukubwa wa skrini, kwa kuwa kinachobaki kichwani muda mrefu zaidi mara nyingi ni vilio.

Hatua ya 7: Kupeleka kwa nani

Inategemea unachotaka. Kama unatafuta ndugu aliyepotea, nenda Msalaba Mwekundu, na ujue kwamba Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hufanya kazi kwa usiri na haipeleki ushahidi mahakamani. Ndiyo sababu huruhusiwa kuingia magerezani. Kwa waliotoweshwa na dola kuna kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kilichopo tangu 1980. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa na tume za uchunguzi hupokea maelezo ya watu binafsi.

ICC hupokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote chini ya kifungu cha 15 cha Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, lakini haina mamlaka juu ya yaliyotokea kabla ya Julai 1, 2002, na kwa kawaida lazima nchi husika iwe mwanachama au mtuhumiwa awe raia wa nchi mwanachama. Usiidharau mahakama ya nyumbani, hata ya kijeshi. Mahakama ya nchi ya tatu, yaani isiyohusika na vita hivyo, nayo ipo: Januari 2022, mahakama ya Koblenz, Ujerumani, ilimhukumu afisa wa zamani wa ujasusi wa Syria, Anwar Raslan, kifungo cha maisha. Miongoni mwa vilivyotazamwa katika kesi hiyo ni picha alizotorosha mpigapicha wa polisi ya kijeshi aliyejulikana kwa jina la siri la Caesar. Mkusanyiko huo una picha zaidi ya 53,000.

Popote unapopeleka, toa nakala, baki na halisi, na udai stakabadhi. Kwa mwanahabari usimpe faili yenye majina.

Hatua ya 8: Miaka inayofuata

Kati ya tukio na kesi huweza kupita miaka kumi. Mashahidi watahama, watabadili namba za simu, wengine watafariki. Wapitie mara mbili kwa mwaka kwa njia iliyo salama: bado wapo, bado wanaridhia, kuna aliyewatisha? Anayeondoa ridhaa, heshimu, na uwaarifu uliowapa maelezo yake. Fungua faili zako uone kama bado zinasomeka, uhamishie kwenye diski mpya kabla ya ile ya zamani kuharibika. Na umwachie mtu mmoja, asiyeishi nawe nyumba moja, maelekezo ya zilipo nakala na namna ya kupata nywila ikiwa wewe hutakuwepo.